Damu Kwenye Tarumbeta

Wenzake wa bendi ya harusi walimwita Parapanda, na jina likamganda. Siku za kazi alikuwa fundi viatu, lakini akishika tarumbeta ukumbini, hata bibi waliokaa kwa sababu ya magoti waliyasahau magoti. Mkewe alifariki mapema akamwachia binti mmoja, roho yake. Binti huyo utotoni hakulala mpaka baba ampulizie wimbo mmoja wa taratibu, tarumbeta ikiwa imezibwa kwa kitambaa ili majirani wasije juu. Wakaahidiana kwamba siku ya harusi yake binti hatavuka mlango wa ukumbi kabla hajausikia wimbo ule.

Sasa, hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Bendi ile ilikuwa na imani ya kipuuzi waliyorithishana wapulizaji wote. Damu ikionekana pale midomo inapokaa kwenye tarumbeta, wenzako walikupiga mgongoni: "Hongera, umeiva!" Damu ilikuwa cheo, jamani! Parapanda alipoanza kutoka damu, aliifuta kwa leso akatembea kifua mbele. Na alipoiona kwenye mswaki pia, akaacha kupiga mswaki mahali pale, ati asitoneshe kidonda. Uchafu ukapata makazi ya kudumu. Fizi zikavimba, mdomo ukaanza kunuka, meno ya mbele yakaanza kuachana.

"Baba, nenda kwa daktari wa meno," binti alimwambia, si mara moja.

"Kufanya nini, mwanangu? Jino bovu linauma. Langu haliumi."

Hakudanganya. Ugonjwa wa fizi hauna makelele. Unakula chini kwa chini, mwenye mdomo akiendelea na hamsini zake. Ulianza kumstua pale binti alipokwisha kuchumbiwa, siku jino la mbele lilipotikisika chini ya tarumbeta. Siku hiyo alikwenda bila kusukumwa na mtu.

Daktari wa meno, mama mwenye sauti ya upole, alimpima kwa kijiti chembamba cha chuma alichokichomeka kati ya jino na fizi. Kiliingia ndani kuliko alivyopenda.

"Baba, damu hii ilianza lini?"

"Ni ya kazi hiyo, daktari. Kwetu wapulizaji ni kawaida."

"Fizi yenye afya haivuji damu, hata ukipuliza kutwa. Huu ni uchafu uliogandana ukawa mgumu, ukaingia chini ya fizi. Fizi imejitenga na jino, na mfupa unaolishika umeliwa. Ulipoiona damu ndipo ulipotakiwa kuzidisha kusafisha, taratibu, na kuja kuniona."

Parapanda alilishika lile jino. "Huo mfupa utaota tena?"

"Ulioondoka umeondoka, baba yangu. Tuuokoe uliobaki."

"Nina wimbo mmoja tu wa kupuliza. Harusi ya mwanangu."

"Siwezi kukuahidi. Kwa sasa usiiguse kabisa hiyo tarumbeta."

Alitii kama mtoto wa shule. Daktari alimkwangua ule uchafu mgumu mpaka chini ya fizi, akayafunga meno yaliyolegea kwa waya mwembamba. Nyumbani alipiga mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala, akiuelekeza pale jino linapokutana na fizi, akapitisha uzi kati ya meno, akaacha sigara aliyoipenda tangu ujana. Fizi zikanywea, damu ikakoma. Lakini uvimbe ulipokwisha, mapengo uliyokuwa umeyaficha yakajitokeza wazi. Aliyaona kwenye kioo akageuza uso.

"Baba, wimbo wangu upo?" binti alimuuliza wiki ya harusi.

"Upo, mama. Wewe vaa upendeze."

Angesemaje? Kifo kilikwisha kumnyima binti mama yake. Na wimbo nao amnyime? Moyo ulimuuma kuliko jino lolote.

Siku ikafika. Ukumbi ulinyamazishwa, mlango ukaachwa wazi kidogo, na binti akasimama nje yake, shela usoni. Parapanda aliinua tarumbeta. Midomo ilitafuta pa kuegemea ikakosa. Meno yakarudi nyuma, na pumzi ikapenya kwenye mapengo. Ilitoka hewa tupu, kama mtu anayepuliza jiko. Akabana zaidi, waya ukakatika, machozi yakamtoka huku vidole vikiendelea kubonyeza, sauti moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja. Wenzake wa bendi wakatazama viatu vyao.

Binti alibaki mlangoni, ametega sikio, akitabasamu, akisubiri wimbo uanze. Ndani, baba yake alikuwa ameshaumaliza.