Siku Niliyofinya Mguu Usio Wangu

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, na kama si kwamba wote waliokuwepo siku ile wameshatangulia na nimebaki mimi peke yangu wa kuisimulia ninavyotaka, wallahi nisingefungua mdomo. Lakini kila Idd ninyi wajukuu mnanisumbua, "Haboba, tuambie ulivyochumbiwa," mkidhani ni habari za mapenzi. Haya, kaeni. Ni habari za goti.

Mimi nilikuwa msichana wa miguu. Sijisifu (najisifu, lakini ni kweli). Kibra nzima, kutoka Makina hadi Laini Saba, doluka ikipigwa mimi ndiye ninayetafutwa kwanza, kwa sababu doluka si hizi ngoma zenu za kujirusharusha kama mtu aliyeingiliwa na siafu. Inataka nyonga iliyotulia, goti linalokunjika kidogo tu, na unyayo unaoteleza chini taratibu, na mimi nilikuwa nateleza mpaka wazee wanasahau kutafuna.

Hapo ndipo Ramadhani, babu yenu, aliponiona, na mimi nikamwona nikajifanya sikumwona. Akatuma wazee wake, wazee wangu wakakubali, nami nikaanza kutabasamu peke yangu jikoni. Likabaki jambo moja tu, na jambo hilo liliitwa Shangazi Bakhita.

Huyu alikuwa shangazi yake Ramadhani, na katika ukoo wao hakuna mke aliyeingia kabla Bakhita hajamtazama. Anakuja mchana, anaketi mkekani, wewe msichana unapiga magoti mbele yake unammiminia kahawa, unabaki kwa magoti hivyo hivyo mpaka amalize kunywa, kisha unainuka bila kushika chini, unatembea hadi mlangoni na kurudi. Na yeye anatazama miguu tu. Uso wako ungeweza kuuacha nyumbani. Kuna msichana wa Lindi, hapa hapa Kibra, alikataliwa kwa sababu, alisema Bakhita, mguu wake wa kushoto unachelewa kufika. Na akishakataa, hata Ramadhani angelia mpaka macho yakauke, hapati kitu.

Sasa mimi na akili zangu, jioni ya kuamkia siku ya Bakhita, kulikuwa na harusi kwa jirani, nikasema naenda kucheza kidogo tu. Nikageuka kwa kisigino, kwa maringo, watu wanione. Mwili ukageuka, goti likabaki likitazama lilikokuwa. Nikasikia tak! Pia ya goti, kile kifupa cha mviringo cha mbele, ikahamia pembeni kama mtu aliyefukuzwa nyumba, kisha ikarudi yenyewe. Asubuhi goti lilikuwa papai.

Ningemwambia mama. Mtu mwenye akili angemwambia mama. Lakini nikawaza, Bakhita akisikia neno goti, kufika jioni Kibra yote itajua mimi ni kiwete. Nikaingia chumbani kwa babu yangu mzaa baba. Babu alikuwa askari wa Waingereza, tena lile shamba letu la mahindi (pale mnapoona maghorofa ya Highrise, msinibishie) aliruhusiwa kukaa kwa sababu ya utumishi wake jeshini, na ndani ya sanduku alikuwa na vile vitambaa virefu vya sufu, rangi ya kaki, askari walivyozungushia mguu kutoka kifundoni hadi chini ya goti. Nikasema, kama vilimshikilia babu vitani, vitanishikilia mimi kwenye kikombe cha kahawa. Nikachukua kimoja nikazungusha juu ya goti, nikazungusha, nikavuta fundo kwa meno. Juu yake nikavaa gurbaba yangu, ile nguo yetu pana ya kujizungushia, na ukinitazama ni mtoto mzima mrembo.

Bakhita akaja. Mwanamke wa kujaa mlango. Akaegemea ukuta, akanyoosha miguu mkekani, gurbaba yake ikatandaa mkeka mzima. Nikapiga magoti kando ya miguu yake, gurbaba yake ikaikalia yangu, goti likanipigia kelele, nikatabasamu, nikamimina.

Basi huyo mama, badala ya kunywa, akaongea! Akamsema mbuzi wa jirani, akawasema wake wa wapwa zake mmoja mmoja, akapuliza kikombe, akakiweka chini, akaanza upya. Na mimi huku chini nakufa kwa vipande. Kwanza kidole gumba kikaaga. Ukafuata unyayo, kisha kifundo, kisha muundi wote, mpaka kutoka goti kwenda chini sikuwa na habari ya mguu wangu kama ninavyokosa habari za Ulaya.

Kikombe kilikuwa karibu kwisha. Lazima nijue kama mguu bado uko. Nikapenyeza mkono chini ya nguo, polepole, huku namwitikia "ndiyo mama, ndiyo mama." Nikakipata kisigino, kikavu. Nikasema huyu ni mimi. Nikapanda hadi shavu la mguu, nikashtuka: ya rabi, limenenepa lini? Nikajua ni uvimbe umeshuka kutoka gotini. Nikaliminyaminya. Sisikii chochote.

"Mna paka nyumba hii?" Bakhita akauliza.

"Hatuna paka, dada," mama yangu akajibu kutoka upande wa pili wa mkeka.

"Kuna kitu kinanitembelea."

Mimi jasho linanitoka, hata hayo maneno hayakuniingia. Nikapanda juu zaidi, nikafika gotini, kitambaa hakuna! Nikasema kimefunguka, mguu umekufa, ndoa imekwisha. Nikakusanya nguvu, nikafinya kwa kucha, nikazungusha.

"WUUUUI! Nimeng'atwa!"

Birika likaruka. Mimi nikaruka nalo, au nilitaka, kwa sababu mguu mmoja ulisimama na mwingine ukabaki usingizini, nikajibwaga juu ya tumbo la Bakhita kama gunia, na kile kitambaa cha babu kikafunguka kweli sasa, kikatambaa kutoka chini ya nguo yangu mpaka mlangoni. Na nani yuko mlangoni? Babu.

"Nyoka yuko wapi?" Kisha akaona kitambaa chake. Hakuuliza nani ameumia. "Nani amekufundisha kufunga hivi? Hiki ni cha muundi! Goti linaachwa huru likunjike! Ungekuwa askari wangu ningekutoa mbio mpaka Riruta!"

"Mzee, toka!" Bakhita akamfokea akiwa chini yangu. "Wanawake tumelala huku, wewe unafundisha gwaride!"

Babu akageuza macho juu, akarudi kinyumenyume, akajigonga mlangoni.

"Ni wewe uliyenifinya?" Bakhita akaniuliza.

"Nilidhani ni wangu, mama."

"Mguu huu? Wako?" Akaupiga kofi ule mguu wake mnene. "Mimi naondoka!"

Lakini hakuondoka. Akasukuma, goti lake likalia kraa, likakataa. Kumbe ndiyo maana huyo mama alikuwa ananyoosha miguu kwa watu, lake halikunjiki kabisa. Mama akamvuta mkono huu, mimi nikamvuta ule, tukapanda, na tulipofika juu nikagundua kwamba amenishika shingo na mimi nimemshika kiuno, mimi mguu wa kulia hauna uhai, yeye wa kushoto haukunjiki.

"Ukiniachia," akaninong'oneza, "hunioni tena, na mchumba humwoni."

"Nikikuachia mama, tunaanguka wote."

Akanikazia macho. Nikasema basi, nimeongeza ufedhuli juu ya kucha. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka mpaka machozi yakanidondokea begani.

"Haya," akasema. "Hadi mlangoni."

Tukaenda, watu wawili kwa miguu miwili, damu inanirudia inachoma kama siafu.

"Na kurudi," akasema.

Tukarudi. Akamgeukia mama, bado amening'inia kwangu: "Tayarisheni harusi. Lakini akatwe kucha kwanza."

Nikaolewa, na goti likapona. Lakini tangu siku ile, hata nikiwa kitandani peke yangu na mguu umekufa ganzi, sifinyi kitu. Nafunua shuka kwanza, nautazama, nahakikisha ni wangu.