Diski Mpya Imejaaje?

Diski ilikuwa na mwezi mmoja tu, na kompyuta ya ofisi yetu ya wakimbizi hapa Kasulu ikakataa majina mapya, eti imejaa! Nilifoka. Nikamshutumu karani wangu, Mama Domitila, kwamba ameijaza nyimbo za kwaya. Nikamwamuru azifute zote, hata za Pasaka. Wapi! Nikamwita fundi, nikamkaripia mbele ya foleni nzima.

Fundi akaitazama kompyuta. “Mkuu, diski haijajaa. Kilichojaa ni kipande nilichowakatia. Sehemu kubwa iliyobaki bado haijagawiwa itumike.”

“Mjinga gani alikuambia uiache?”

Mama Domitila ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ya kwaya: “Ni wewe, mkuu. Ulisema shamba halilimwi lote kwa msimu mmoja.”