Jino Lililozikwa Nyuma ya Jiko

Nilipokuwa mtoto niliogopa vitu viwili: Mungu wa bibi, na baba yangu akiwa amenyamaza. Mama alikuwa Mkatoliki, baba Mprotestanti, na walioana kwa sharti kwamba watoto watasali kwa baba, Wete. Likizo niliruhusiwa kwenda Konde kwa bibi mzaa mama, hata kanisani kwake niliweza kuingia, ila kukaa tu.

"Siku akipokea komunyo," baba alimwambia mama, "Konde ndiyo imekwisha."

Wakristo wa Wete na Konde tungeenea kwenye gari moja la shamba, lakini tulijua kudharauliana. "Kwenu ni kanisa au darasa?" bibi aliniuliza. "Saa nzima mnasomewa, goti hamjapiga." Na baba, nikimsimulia misa: "Simama, piga goti, kaa, simama. Wale wanafanya mazoezi." Bi Saumu, jirani wa bibi aliyekuja kila Krismasi kula pilau, alituona wote kitu kimoja. "Nyie mwagombania nini?" aliuliza, na hakungoja jibu, maana sahani ilikuwa imefika.

Tulikuwa tukichambua karafuu uani, bibi na mimi, aliponipa onyo. Mwili wa Bwana hautafunwi. Kwao bara alikuwako msichana aliyetafuna, damu ikamtoka mdomoni hata ikalowa kanga yake yote. "Nilimwona kwa macho yangu," alisema, huku vidole vyake vikiendelea kutenganisha vikonyo.

Nilikuwa na miaka tisa. Jumapili iliyofuata alikuja padri mgeni, asiyejua mtoto yupi ni wa nani. Wasichana wa rika langu walisimama kwa magauni meupe, bibi alikuwa mbele na wanakwaya, na mimi nimeachwa benchini kama mzigo wa mtu. Nikainuka. Nilitaka tu kuwa upande wa bibi, basi. Padri akanipa.

Kile kikate kilinasa juu ya kaakaa. Kanisani kwetu tulitumia mkate wa boflo uliokatwa vipande, na mabaki tuliachiwa watoto, tukayagombania na kuyatafuna mlangoni. Meno yangu hayakujua kingine cha kufanya na mkate wa kanisani. Yakauma.

Nikasikia joto, kisha chumvi. Nilipofuta mdomo kwa kanga ya bibi niliyojitanda, ilikuwa nyekundu.

Sikulia. Nilikimbia hadi nyuma ya jiko la bibi nikachuchumaa, mdomo nimeufumba, nikimeza damu ili isiendelee kuonekana. Nilikuwa na hakika haitakoma. Nilimwona yule msichana wa bara. Nilimwona baba kizingitini, kimya, amekuja kunichukua moja kwa moja.

Bibi alinikuta hapo misa ilipokwisha.

"Umepokea?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Umetafuna?"

Kichwa tena.

"Fungua mdomo."

Alitazama muda mrefu. Kidole chake kilipita juu ya ulimi wangu, kisha kikatoka na gego la utotoni, lile lililokuwa likicheza tangu mwanzo wa likizo.

"Ni jino," alisema. Nilingoja acheke. Hakucheka.

Jino la mtoto hutupwa juu ya paa. Hili bibi hakulitupa, huenda chembe ya Mwili imelishika. Alinisukutua kwa maji, akayakingia bakuli. Akafua pindo la kanga humo humo, akachimba shimo, akamimina maji yote na kulifukia jino.

"Baba ataambiwa?"

"Baba'ako ataambiwa jino limeng'oka."

"Ni kweli hiyo?"

"Nusu yake."

Tangu siku hiyo, kila likizo, wenzake walipopanga foleni ya komunyo bibi alibaki ameketi. Watu wa kanisani walianza kumsema: mtu mzima yule, ana dhambi gani asiyoweza kuitaja? Mimi nilidhani magoti yanamuuma.

Nilifika chuo kikuu ndipo nikaelewa, tena kwa kumsikiliza mwenzangu wa bwenini, Mkatoliki, akieleza kitubio: huwezi kuungama uongo ambao bado unakusudia kuuendeleza, na usipoungama hupokei. Bibi alikusudia kuuendeleza. Alikuwa amechagua likizo zangu, na miaka kumi na mmoja alikaa na njaa ile mbele za watu.

Nilirudi Wete nikamweleza baba, nikiwa mtu mzima. Alinyamaza, kimya kile kile. Kisha akavua miwani.

"Nenda Konde," alisema. "Mwambie bibi yako najua. Akapokee."

Mimi siamini kwamba mkate hutoa damu, na umri wa kung'oka magego naujua. Lakini kanisani kwetu kipande cha boflo kikinifikia, nakiacha ulimini kiyeyuke chenyewe, na boflo haiyeyuki upesi. Mchungaji anadhani nina uchaji wa pekee. Sijamsahihisha.