Mwombolezaji wa Huwei Anayetafuta Machozi Yake

Saa moja asubuhi, Lai Siok-bin anapiga magoti kwenye lami mbele ya nyumba yenye msiba mjini Huwei, Taiwan. Amevaa nguo nyeupe na kofia ndefu ya kitambaa cha gunia, kipaza sauti mkononi. Anatambaa kuelekea kwenye jeneza akimwita mama wa watu: "Mama, mwanao nimechelewa!" Wafiwa wanaangua kilio. Macho yake yeye ni makavu.

Hiyo ndiyo kazi ya Siok-bin, mwenye umri wa miaka 34. Mila inamtaka binti aliyeolewa, anapofiwa na mzazi, atambae kutoka mlangoni huku akilia, na wengi siku hizi hawawezi, basi humlipa yeye alie badala yao. Kwa mwezi hulia kwenye misiba kumi na mitano. Zamani machozi yalimtoka bila kubembelezwa.

Miaka mitatu iliyopita maumivu ya hedhi yalimzidi, akawa anaanguka kazini. Akaandikiwa vidonge vya uzazi wa mpango. Maumivu yakaisha, na machozi nayo yakaaga. Sasa hujipaka dawa ya kuchua chini ya macho ili angalau yawe mekundu.

"Binti, unalia kama redio," humtania Mjomba Khim, mpiga kinanda wa kundi lao la waombolezaji wa kukodiwa. "Sauti tele, maji hamna."

Siok-bin hucheka naye. Lakini mwaka jana alifiwa na mama yake mzazi, na safari hiyo alitambaa kwa niaba yake mwenyewe. Majirani walimsifu kwa sauti. Chozi halikutoka hata moja, na jambo hilo linamuuma mpaka leo.

Ndiyo maana aliposikia hospitali moja ya Tainan inatafuta wanawake wanaomeza vidonge ili ichunguze utendaji wa ubongo wao, alijiandikisha. Alilala ndani ya mashine akionyeshwa nyuso za watu wenye huzuni. Daktari Tsai alimweleza kuwa homoni za vidonge hufika hadi kwenye ubongo na huenda zikagusa sehemu zinazoshughulika na hisia, ila bado wanachunguza.

"Dada yangu, kwa kupima kichwa kimoja tu siwezi kukuapia kama ni kidonge au ni msiba wenyewe," alimwambia.

Wamekubaliana amalize pakiti aliyonayo, kisha wajaribu kutuliza maumivu kwa njia isiyo na homoni. Anajua yanaweza kurudi kwa kishindo. Mwezi wa tisa mama yake atatimiza mwaka tangu afariki, na Siok-bin anataka kupiga magoti mbele ya picha yake akiwa ameshaacha vidonge.

Na machozi yasipotoka?

Anakung'uta vumbi magotini, anazima kipaza sauti.

"Mama za watu nimewalilia mpaka idadi imenipotea," anasema. "Wangu nataka nimlilie mara moja tu, bila kipaza sauti hiki."