Wimbo wa Juwairiya Uliochezwa Mbale

Kwa miaka mingi Juwairiya alikuwa sauti ya tatu. Kikundi chao kiliitwa Sauti Tatu, na kila mtu Jinja alikijua: Madinah mbele, anayeimba maneno, Night upande wa kulia, anayecheza mpaka vumbi linapanda, na upande wa kushoto yule mwembamba, anayeitikia. Yule mwembamba ndiye Juwairiya. Watu walimsalimu barabarani, wakamwita Madinah, naye akaitika.

Siku za kazi alisuka nywele katika saluni moja hapa kwetu Walukuba, mtaa wa Jinja, si mbali na nyumba za zamani za wafanyakazi wa kiwandani, ambako alikuwa akiishi na bibi yake mzaa baba. Kwa desturi ya Wanubi, bibi huyo huitwa Haboba. Jumamosi alivaa gauni la kung'aa na kwenda kuimba na wenzake kwenye sherehe za watu, kwa Kiganda na Kisoga, nyimbo za kuchekesha na za mapenzi.

Kisha Madinah akaolewa. Mume hakutaka mkewe apande jukwaani, na Madinah akawaambia wenzake wangoje kidogo, atamlainisha. Wakangoja. Akapata mtoto, wakangoja tena. Siku moja Juwairiya, mikono yake ikiwa ndani ya nywele za mteja, alijisikia akiimba wimbo ambao haukuwa wa Madinah wala wa mtu yeyote. Mteja akageuza shingo.

"Huo wa nani?"

"Sijui," alisema Juwairiya. "Nadhani wangu."

Wimbo ulikuwa kwa Kiswahili, kwa sababu hicho ndicho anachozungumza nyumbani na Haboba, kikichanganyika na Kinubi. Night alipoambiwa kwamba mwenzake anataka kutoa albamu ya peke yake, tena kwa Kiswahili, aliguna.

"Kiswahili, lugha ya askari? Juwe, watu watafikiri wamefika kizuizi cha barabarani. Watatoa vitambulisho."

Wakacheka wote wawili, lakini Juwairiya hakubadilisha nia.

Alirekodi Mbale, kwa kijana aitwaye Andrew, ambaye studio yake iko upande wa viwandani, nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Ilibidi wangoje mashine inyamaze ndipo waimbe. Zilikuwa nyimbo nane, mmojawapo wa wasukaji wa nywele. Ule alioupenda kuliko zote uliitwa "Fungua Mlango."

Chanzo chake kilikuwa hadithi ya Haboba. Juwairiya aliisikia vipande vipande tangu utotoni: mwaka wa sabini na tisa, serikali ya wanajeshi ilipoanguka, Wanubi walitafutwa nyumba kwa nyumba, kwa kuwa wengi wa watu wao walikuwa jeshini. Haboba alikuwa msichana mwenye mtoto mchanga. Alfajiri moja mlango ukagongwa. Kila alipofika hapo Haboba alifuta macho na kukatisha. Juwairiya akajaza mwenyewe yaliyobaki. *Fungua mlango, kumekucha. Nani yuko nje, sema jina.* Aliuimba polepole, kama mtu anayezuia pumzi.

Andrew aliusikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akasema, "Dada, hapo chini panataka ngoma." Akawaita wapigaji wa kadodi, ngoma za Wamasaba zinazowatembeza vijana kwenda kutahiriwa. Ngoma zilipoingia, Juwairiya alihisi moyo unakwenda mbio. Alidhani ni hofu, hofu ileile ya alfajiri ile, akakubali.

Albamu ilizinduliwa hapa Walukuba, kwenye ukumbi, Jumapili mchana. Tulijaa. Tulipiga makofi alipoingia, tukaangalia nyuma yake tukitazamia wenzake. Hawakutokea. Aliimba wimbo wa kwanza, tukapiga makofi yale ya adabu. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Madinah yuko wapi?" Night, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, alimgeukia kwa jicho moja tu, yule akainama.

Ilipofika "Fungua Mlango," Mzee Opio alisimama. Ni mstaafu wa kiwanda cha nguo, mtu wa kaskazini, mpole, asiyekosa sherehe ya jirani. Alichukua kofia yake, akapita katikati ya viti bila kumtazama mtu, akatoka. Juwairiya alimwona. Aliendelea kuimba, lakini sauti ilikuwa imeshatoka mikononi mwake.

Kesho yake Herbert, mtangazaji wa redio, aliupiga wimbo huo asubuhi. "Wasikilizaji, ni wimbo mzuri," alisema. "Lakini mimi sijui niuweke wapi. Kwenye maombi? Kwenye disko? Nipigieni simu." Wa kwanza kupiga alisema aliruka kitandani akidhani ni askari. Wa pili alisema hajawahi kusikia Sauti Tatu wakiimba vizuri namna hiyo.

Juwairiya hakwenda saluni siku hiyo. Alikwenda kwa Mzee Opio, akamkuta akimenya mihogo mlangoni pake. Akapiga magoti kumsalimu.

"Mzee, nilikukosea nini?"

"Hapana, mwanangu. Kaa." Mzee alisogeza sufuria. Kiswahili chake ni kile cha kambini na kiwandani. "Mimi iko na kaka. Alikuwa askari wa magereza hapa Jinja. Wale watu walikuja asubuhi, wakasema Kiswahili hiyohiyo. Fungua mlango. Yeye alifungua, alikuwa mtu wa heshima. Hatukuona yeye tena."

"Lakini mzee, wimbo wangu ni wa bibi yangu. Yeye ndiye aliyegongewa."

"Najua bibi yako. Tunasalimiana. Lakini wimbo haisemi nani alikuwa ndani na nani alikuwa nje." Akakata muhogo. "Sauti yako nzuri sana. Ndiyo shida. Kama ingekuwa mbaya, mimi ningekaa."

Aliondoka pale hajui kama amesamehewa au hapakuwa na la kusamehe. Njiani alipiga hesabu ya mambo, haikutoka. Wanajeshi waliomchukua kaka yake Mzee Opio walikuwa wa serikali ile iliyoanguka, ambayo babu zake Juwairiya waliitumikia na ambayo iliwawinda watu wa kaskazini. Waliokuja kwa Haboba baadaye walikuja kulipiza. Maneno yalikuwa yaleyale, mlango uleule. Aliamua kuuondoa wimbo kwenye albamu. Alimpigia Andrew kumwambia afute.

"Kufuta?" Andrew alicheka mpaka akakohoa. "Dada, njoo Mbale uone kwanza."

Alikwenda. Aliposhuka kwenye basi aliusikia kabla hajavuka barabara, ukitoka kwenye duka la jumla la sabuni. Kisha ukatoka kwenye duka lililofuata. Kwenye kioski cha chapati, mwanamke mmoja, Twaibah, alikuwa akisukuma unga kwa mdundo wa kadodi. Juwairiya alimuuliza kwa aibu wimbo huo ni wa nani.

"Wa zamani huo, wa Wakenya," alisema Twaibah kwa uhakika. "Mama yangu alikuwa akiuimba."

"Una hakika?"

"Nyabo, mimi nimezaliwa nao."

Juwairiya alilipia chapati, akaenda zake. Jioni ilikuwa bado mbali alipofika alikoelekezwa na Andrew, nyumba yenye hema uani na magari yaliyopambwa kwa utepe. Bwana harusi na jamaa zake walikuwa wamefika kumchukua bibi harusi. Geti limefungwa. Nje vijana wanapiga mabati na kuimba wimbo wake kwa nguvu zote: *Fungua mlango, kumekucha!* Ndani mashangazi wanajibu, *Nani yuko nje, sema jina!* Nje wanataja jina la bwana harusi, ndani wanasema hawalijui, wanacheka, wanadai jina la babu yake, la babu wa babu. Kadodi inavuma. Bibi mmoja mnene alikuwa akicheza peke yake barazani, kitambaa mkononi, machozi ya furaha yakimtiririka.

Juwairiya alisimama ng'ambo ya barabara akiwa bado ameshika chapati. Alitaka kupiga kelele kwamba hawakuelewa. Hapohapo mguu wake ulikuwa ukicheza. Aliutazama mguu kama wa mtu mwingine.

Aliporudi Jinja alimkuta Haboba akichagua mchele. Hakuzunguka.

"Haboba, ile alfajiri. Aliyegonga alikuwa nani?"

"Alfajiri ipi?"

"Ile ya sabini na tisa. Nimeimba mimi! Umeusikia wimbo."

"Nimeusikia. Mzuri." Haboba alipuliza makapi. "Alikuwa jirani, mke wa mvuvi, Msoga. Alikuja na gomesi zake mbili tuvae, mimi na dada yangu, tuonekane Wasoga tukivuka mji. Gomesi ilikuwa kubwa! Dada yangu aliingia mzima pamoja na mtoto wangu. Tulicheka mpaka yule mama akatuziba midomo."

Juwairiya alikaa chini kwenye mkeka.

"Mlicheka? Siku zote ulikuwa ukilia ukifika hapo."

"Labda nilikuwa nikimkumbuka dada yangu. Labda moshi."

Usiku mzima ule Juwairiya hakujua acheke au afanye nini. Asubuhi, wakinywa chai, Haboba akasema bila kuulizwa kwamba askari nao walikuja, siku nyingine, wakavunja kabati. Au ilikuwa siku ileile, kabla ya gomesi. Juwairiya akamwomba akumbuke vizuri, maana watu wanamuuliza. Bibi alikasirika, akaweka kikombe chini.

"Sikiliza, wewe. Siku zile milango iligongwa kila siku. Unataka nikumbuke upi?"

Wiki ileile Herbert alimwalika redioni aeleze. Tulisikiliza wote, saluni nzima, na mzee wa boda alizima pikipiki asikie.

"Juwairiya, wimbo huu unahusu nini?"

Tulisikia kiti kikisogezwa.

"Nilipoutunga nilijua," alisema. "Sasa sijui. Kuna mtu ninayemheshimu anaumia akiusikia. Kuna watu wanaoutumia harusini. Na mwenyewe aliyenipa hadithi ameibadilisha."

"Sasa sisi tufanyeje nao?"

"Hata mimi nauliza."

Simu zilifuatana mpaka kipindi kikapitiliza taarifa ya habari. Mmoja alisema Kiswahili kirudi kambini. Mwingine, askari polisi aliyestaafu, alisema yeye ndiye aliyekuwa akigonga, na kwamba naye aliogopa aliyeko ndani. Mmoja aliuliza Madinah anarudi lini.

Baadaye Juwairiya alimrudia Mzee Opio, akamweleza habari ya mke wa mvuvi na gomesi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu kidogo aliposikia mtu aliingia na mtoto ndani ya gomesi.

"Kwa hiyo ni wimbo ya harusi?"

"Sijui, mzee."

"Basi imba Mbale. Hapa Walukuba imba ile ingine, ya wasukaji wa nywele. Hiyo mimi napenda."

Akafanya hivyo, na mpaka leo ndivyo anavyofanya. Wimbo haukufutwa. Hapa kwetu Juwairiya hauimbi, na hakuna anayemuuliza sababu.

Mwezi uliofuata walimwita Mbale kwenye uwanja, mchana wa sikukuu, na Night akafuatana naye kumwitikia. Kwa mara ya kwanza Juwairiya alikuwa katikati na mwenzake kushoto. Alimwomba Andrew asilete ngoma mwanzoni. Akauimba jinsi alivyoutunga, polepole, pumzi imezuiwa. Umati ulishangaa. Watu walitazamana, wengine wakadhani mitambo imeharibika. Alipofika *nani yuko nje, sema jina*, akashusha kipaza sauti.

Kabla hajakiinua tena, shangazi mmoja, kutoka nyuma kabisa, akapaza sauti, "Ni mimi! Zulaika!"

Watu wakaangua kicheko. Kisha mwingine akataja jina lake. Na mwingine. Majina yakaanza kuruka kutoka kila upande, ya Wamasaba, ya Waislamu, ya Wateso, ya watoto, mpaka hayasikiki tena kila moja peke yake. Night alimkaribia, akamnong'oneza sikioni, "Juwe, tunaendelea au tunasimama hapa?"

Juwairiya alikuwa akicheka na kulia kwa wakati mmoja, na hakujua kipi kimeanza.

"Ngoja kwanza," alisema. "Hawajamaliza."