Makaroni Aliyopika Mama Furaha

Kosakosa waliokaushwa kwa moshi wana harufu inayomtangulia anayewabeba. Ndivyo nilivyomjua Mama Furaha kabla ya kuuona uso wake. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwetu Kalembe nachambua maharage, harufu ya mto na kuni ikapanda njiani, kisha akatokea Papa, na nyuma yake mwanamke mfupi mwenye kapu mgongoni. Chini ya nguo zake kapuni mlikuwa na vifurushi vya majani vilivyojaa kosakosa, wale kamba wadogo wa mito ya Walikale, ambao sisi watu wa mlimani tuliwahesabu kuwa wadudu. Papa alisema, "Huyu njo Furaha, mama yenu mudogo. Anatoka Mpofi." Mama yetu mzazi alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na huyu alikuwa mke mpya wa Papa. Nilikuwa na miaka kumi, na mdogo wangu Neema mitano.

Nilimchukia, ingawa hakunikosea kitu. Alifagia uwanja kuanzia upande ambao Mama hakuanzia. Alitundika sufuria ya Mama kwenye msumari mwingine. Mambo madogo kama hayo yalinichoma kuliko kipigo. Siku moja tukiwa shambani, Neema akisifu uji wa mgeni wetu, nilimwambia kwa hasira: "Ukikulaka chakula ya huyu mama, Mama yetu atatusahau kule mbinguni." Nilisema na kuendelea kung'oa magugu. Sikujua kwamba mtoto wa miaka mitano hulibeba neno zima, bila kupunguza.

Tangu siku hiyo Neema hakugusa chungu cha Mama Furaha. Aliishi kwa mapera, ndizi, na viazi alivyopewa na majirani. Mimi mwenyewe, nasema kwa aibu, nilikula. Mama Furaha akienda kisimani nilichota maharage kwa mkono, nikafuta mdomo, nikarudi kukaa karibu na Neema kama mtu anayefunga pamoja naye. Mifupa ya mabega yake ilianza kuonekana. Papa alimpeleka kwenye kituo cha afya, wakampa dawa ya minyoo. Mama Furaha alijaribu sombe ya majani ya muhogo, alijaribu uji wa mtama wenye maziwa, alijaribu maharage yenye mawese. Kila mara Neema alitikisa kichwa na kunitazama mimi.

Jumatano moja nilitoka shuleni nimelowa mvua nikakuta jiko limejaa mvuke. Kwenye mafiga kulikuwa na sufuria ya makaroni, yaani spageti, chakula tulichokijua kwa Noeli tu. Pembeni kulikuwa na jagi la kreme, ule utando mzito wa maziwa, ambalo Mama Furaha alikuwa amelipata kwa mtengeneza jibini baada ya kupanda mlima mzima na beseni la maharage ya kubadilishana kichwani.

"Leo iko sikukuu gani?" nikamuuliza.

"Hakuna sikukuu. Iko siku ya kukula. Kuya unisaidie kutwanga."

Nilitwanga vichwa vya kosakosa vilivyokuwa vimelowekwa kwenye maji ya moto, naye akakaanga kitunguu kwenye mawese hadi kikalainika, akatia nyanya, kisha pilipili nyekundu mbili, akafikiri kidogo, akaongeza ya tatu. Vichwa nilivyotwanga vikaingia pamoja na maji yake, halafu nyama ya kosakosa yenyewe. Kreme aliiweka mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshaondolewa motoni, akikoroga polepole isije ikakatika. Mchuzi uligeuka rangi ya udongo wa njia yetu baada ya mvua. Harufu niliyoidharau ilikuwa imekuwa kitu kingine, na mate yakanijaa mdomoni.

Jioni tuliketi wote wanne. Papa aliomba, tukasema amina. Neema alitazama sahani yake, nikaona koo lake likimeza mate. Akanigeukia mimi mkubwa wake. "Yaya," akasema, akidhani ananong'ona, "nikikula hii, Mama atatusahau?"

Papa aliweka kijiko chini. Ningeweza kunyamaza. Lakini mkono wa Neema juu ya meza ulikuwa mwembamba mno.

"Ni miye njo nilimudanganya," nikasema. "Nilimuambia akikula chakula ya Mama Furaha, Mama atamusahau."

Papa alisimama. Mama Furaha akamshika mkono. "Papa Neema, ikala." Papa akaketi, naye Mama Furaha akamwinamia mdogo wangu. "Mama yenu alikuwa anawapikiaka makaroni?"

"Kwa Noeli," Neema akajibu.

"Basi hii anaijua. Akiangalia, ataona ni mutoto wake njo anakula." Halafu akanitazama mimi, bila tabasamu. "Weye, onja wa kwanza. Yeye aone."

Nikaonja. Pilipili iliniuma ulimi, kreme ikaja nyuma yake ikaupoza. Neema akachukua kijiko. Alitoa machozi kwa ukali, akaomba maji, akaomba tena makaroni. Nami nililia, na kwa kuwa pilipili ilikuwapo hakuna aliyeniuliza.

Mama Furaha hakunikumbatia usiku ule. Siku nyingi alinisemesha kwa maneno machache, na alikuwa na haki. Ilikuwa msimu wa kupalilia ndipo aliponiita kumsuka nywele, nikajua tumepatana.

Leo ninaishi Goma. Spageti iko dukani, kreme iko kwenye boksi, kamba wa kugandishwa wanatoka bahari nisiyoijua, na Jumatano yoyote baada ya kazi napika chakula kile kwa nusu saa. Wanangu wanakula macho yakiwa kwenye simu, wanabakiza, na sikasiriki, maana mtoto anayebakiza ni mtoto aliyeshiba. Papa hayupo tena. Vita vilitutawanya, na Mama Furaha alirudi kwao Mpofi, mahali ambapo simu hukamata mara moja kwa juma. Inapokamata, swali lake la kwanza ni moja daima: "Neema anakula muzuri?" Neema ana watoto watatu na mwili wa kutosha. Nikishajibu, haagi bado.

"Na weye?" ananiuliza. "Umekula?"