Mlingoti Uliolia Ndani

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, basi. Lakini kukata miti hakuna aliyenifundisha darasani, na vidole vyangu vyote kumi ninavyo. Wenye shule wahesabu vyao.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaisha. Tulitoka Iyunga, mimi na mume wa dada yangu, tukaenda Iringa kukata milingoti, yaani mikaratusi, ya kuni za kukaushia tumbaku kwenye shamba la mzungu. Dada naye alikuja, ana mtoto mchanga. Siku ya kwanza aliniambia huyu mume wake nimemchukua mimi, nitamrudisha mimi. Neno lile nililala nalo na kuamka nalo.

Miaka minne tulivuta msumeno wa watu wawili, yeye upande huu, mimi upande ule. Mti ukikaribia kuanguka, tulikuwa tunaacha kuvuta, tunanyamaza, tunausikiliza. Ukilia, tunaondoka. Shemeji alikuwa na masikio kunishinda, na ndiye aliyekuwa anasema, "Twende."

Kisha mzungu akaleta msumeno wa injini. Akatuonyesha asubuhi moja namna ya kuuwasha, akapanda gari kwenda mjini. Nikaushika mimi kwa sababu nilikuwa na nguvu, na kusema kweli nilitaka nionekane nao. Kelele yake ilikuwa haikuachii hata sauti yako mwenyewe. Kazi ya shemeji ikawa kupiga kabari.

Tukafika kwenye mlingoti mnene ulioegemea upande wa njia wanayopita akina mama. Nikakata mdomo, lile pengo la kuuelekeza mti, upande wa njia, nikazunguka nyuma, nikaanza kukata. Vumbi la mbao linanijaa machoni. Nikainama, nikaona katambuga za matairi za shemeji karibu na msumeno, mahali ambapo hapakuwa na kabari ya kupigwa. Nikainua macho. Alikuwa amelaza sikio kwenye gogo, juu kidogo ya nilipokuwa nakata. Anausikiliza mti, kama tulivyozoea.

Mlingoti ulioegemea hivyo unaweza kupasuka kwenda juu, na kipande cha nyuma kikamrukia mtu aliye nyuma. Niliwahi kumzika mmoja aliyepigwa hivyo. Nikazima injini.

"Toka hapo," nikamwambia.

"Unalia ndani, shemeji. Umelia mara mbili."

"Toka, nimesema. Taratibu."

Akatoka kinyumenyume. Alipofika hatua ya sita mti ukalia tena, safari hii tukausikia wote.

Kuuacha umesimama hivyo hatukuweza. Upepo wa mchana ulikuwa unaanza, na akina mama wangerudi na kuni kwa njia ile. Tukachukua mnyororo wa kukokotea magogo, tukaufunga mti juu ya mkato, mizunguko mitatu, nikaukaza kwa nondo. Tukarudia msumeno wetu wa zamani, tumepiga magoti pembeni, kila mtu upande wake. Tunavuta mara tano, tunanyamaza. Mara tano, tunanyamaza. Sikuutazama mti, nilimtazama yeye usoni.

Akasema, "Twende."

Tukakimbia kwenda pembeni. Ulipasuka mpaka kwenye mnyororo, mnyororo ukaushika, mti ukalala njiani. Pete moja ya mnyororo ilikuwa imefunguka kama kulabu.

Mzungu aliporudi akauliza kwa nini mashine mpya ipo chini na sisi tuna msumeno wa mkono. Nikamwambia huyu shemeji hasimami tena nyuma yangu. Apewe ufito mrefu, asimame pembeni ninakomwona, akisikia au akiona kitu anigonge bega. Kama mzungu hataki, atafute mkataji mwingine. Akanung'unika, akakubali. Shemeji akacheka, akasema atanigonga hata bila sababu, nimemchosha siku nyingi.

Jioni dada alituuliza kazi imekwendaje. Shemeji akasema tumeangusha miti saba, ule wa njiani hakuutaja, akamchukua mtoto. Mimi nilikula ugali wangu nimeinamia sahani, mpaka ukaisha.